Sura ya Nne: Aliyeshuka Kaburini

"Sema tena, Rahila! Sema mtaa mzima usikie!"

"Nshasema, na nkitaka ntasema mpaka watu wa mji wa Sib wasikie. Mumeo alikuwa juu ya dari na yule kizee, na kizee kichwa wazi, nywele zote nje. Mie nna macho, au hayo pia nimeazima kwako?"

"Macho unayo, haya ndo huna. Bi Masouda makamo ya bibi yangu, leo tu tumetoka kumuogesha akazikwe, wewe ushamtafutia bwana!"

"Sikumtafutia mie. Kajitafutia mwenyewe, na kapata muuza maji."

Hapo Hind alivua kiatu. Wanawake wawili wakamdaka mkono, mmoja kwa kumzuia, mwengine kwa kutaka apate nafasi nzuri zaidi ya kuona. Kichochoro kilikuwa kimejaa. Madirisha yote yalikuwa na watu, na aliyekosa dirisha alipanda juu ya pipa. Watu wa Unguja na Pemba waliovuka bahari na kumiminika Matrah, bandari ya Waarabu, tangu mwaka wa sabini walipanga vyumba vya jirani jirani, ukuta kwa ukuta, na mmoja akipiga chafya huku, kule anaombewa rehema.

Bakhit alisimama kando, kofia mkononi, akiwaacha wamwage. Alikuwa polisi Pemba miaka mingi kabla ya mapinduzi, na aliona mara nyingi jinsi mashahidi wawili wanaotukanana wanavyoeleza mambo ambayo kwa kuulizwa vizuri wasingeyatoa hata kwa kofi. Sasa kazi yake ilikuwa ukalimani. Mkubwa wa askari wa hapo hakujua neno la Kiswahili, na kesi za wageni hawa zilimchosha.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jana magharibi Bi Masouda, mwanamke mzee aliyewasili kutoka Pemba wiki ile ile, alikutwa shingo imevunjika chini ya ngazi ya mawe inayotoka kwenye dari lake mpaka kichochoroni. Marhoon, mume wa Hind, alikuwa amesimama juu ya maiti, punda wake na madebe ya maji nyuma yake. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo kizee alimlalamikia akiwa nyuma ya mlango kuwa maji yana chumvi, naye akajibu mbele ya watu, "Mungu akuvunje shingo!" Basi Mungu alipoivunja, askari hawakuhangaika kutafuta mtu mwengine. Marhoon alitiwa pingu za miguu. Leo baada ya alasiri anapelekwa kwa kadhi, na kadhi yule hakuwa na mazoea ya kumrudisha mtu nyumbani.

"Bwana Bakhit!" Hind alimwona. Akakiangusha kiatu. "Nimempelekea chai, miguu imevimba hivi. Askari kaimwaga chai, kanicheka. Wallahi, mume wangu hajapata hata kuuona uso wa yule bibi."

"Hajauona vipi, na maji alikuwa akimpelekea kila siku?"

"Akiweka debe mlangoni, anagonga, anaondoka. Bi Masouda hafungui mpaka asikie kwato za punda zimekata kona. Siku moja Marhoon alichelewa kuondoka, akarushiwa ndala kwa upenyo wa mlango."

Watu walicheka. Hata Rahila alicheka, halafu akakumbuka kwamba anagombana.

"Bi Rahila," Bakhit alisema, "twende ukanioneshe uliposimama."

Hilo Rahila hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alipanda mbele, kanga yake ikipepea, akieleza njia nzima nani anadaiwa talaka na nani kapika nini. Madari ya Matrah ni bapa, na joto likishika ndiko watu wanakolala. Dari la Rahila lilitazamana na la Bi Masouda, kichochoro kikiwa kati. Bakhit alipima kwa macho. Mtu angeweza kurusha embe likadakwa.

"Nlikuwa naanua nguo. Jua linazama. Nnaona mwanamume kanipa mgongo, kanzu nyeupe, kilemba."

"Mnene? Mwembamba?"

"Mwanamume."

"Kila mwanamume Matrah ana kanzu nyeupe na kilemba, Bi Rahila. Umejuaje kuwa ni Marhoon?"

"Si ndo aliyekutwa chini!"

"Kwa hivyo ulimjua baada ya kukutwa chini."

Rahila alikaza kanga yake kiunoni. Madirishani watu waliangua kicheko.

"Na Bi Masouda?"

"Huyo nlimwona uso. Alivua mtandio, Bwana Bakhit. Hakuanguka mtandio, alivua. Akaukunja vizuri, akauweka juu ya mkeka, nywele nyeupe pee. Nikasema mie, jamani, na uzee huu! Halafu kitunguu changu kikaanza kuungua, nikashuka. Nasikia kishindo. Nlidhani ni gunia."

"Jana alikula?"

"Nani?"

"Marehemu."

"Hakula! Ndo nlitaka kukwambia. Juzi alikwenda kumwamkia Nasriya, mtoto wa ukoo wa Nyumba ya Chini, aliyemlea tangu kitoto. Kaondoka hapa anapiga vigelegele njia nzima. Karudi kama kapigwa. Nikamtilia wali, akausukuma."

Bakhit alishuka, akapanda dari la pili, Hind nyuma yake. Dari hilo liliungana na madari ya jirani, mtu angeweza kuondoka juu kwa juu. Mkeka ulikuwapo. Mtandio ulikuwapo, umekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe. Alisimama kwenye kidato cha juu cha ngazi akatazama chini. Vidato vilikuwa vyembamba, havina pa kushika, na mwisho wake ni kichochoro kinachopita kila mtu, wachukuzi, Mabaluchi, wauza samaki.

"Bi Hind, bibi yule angeshuka ngazi hii bila mtandio?"

"Hata nyumba ikiwaka moto."

"Basi hakuwa anashuka." Bakhit alisema polepole, kama anayejitafsiria mwenyewe. "Mtu anayeteleza ngazini ni yule aliyekuwa akishuka. Huyu alikuwa amekaa kwake, kichwa wazi, ametulia. Alishushwa."

Hind alisogea karibu. "Na aliyemshusha?"

"Ni mwanamume ambaye mwanamke anayemrushia muuza maji ndala alimvulia mtandio kwa hiari yake. Bibi huyu alikuwa na nani? Mtoto? Ndugu?"

"Hakuwa na mtu. Mumewe na kaka zake waliuliwa siku moja, sitini na nne. Mtoto wake mmoja alikufa mchanga, ndo maana akanyonyesha wa watu."

Akanyonyesha wa watu. Bakhit alivaa kofia.

Mtondooni, kule shamba Pemba, palikuwa na nyumba mbili tu za kutajwa, na Bakhit aliwahi kuwa polisi wa zote mbili. Nyumba ya Juu walikuwa na mikarafuu mpaka macho yachoke. Wao ndio waliojenga msikiti wa mawe, wao ndio waliokuwa na motokari ya kwanza, kabla hata ya barabara, ikasukumwa na wachumaji kila Ijumaa mpaka msikitini ili bwana mkubwa ashuke ndani yake. Nyumba ya Chini walitoa makadhi wawili na mudiri mmoja, mtawala wa wilaya, na kwa hivyo walijiona wao ndio walioandikiwa pepo. Nyumba hizi zilichukiana kwa ustadi. Kijakazi wa Juu alipochota maji kisima cha Chini, alirudishwa na vidole vimevunjwa, vyote vya mkono wa kulia. Wiki ile ile mchungaji wa Chini aliachwa uchi amefungwa kwenye mkarafuu wenye chungu wanaouma. Bakhit aliandikisha kesi zote mbili, na zote mbili wenyewe walizimaliza kwa kunywa kahawa, bila ya kumuuliza kijakazi wala mchungaji.

Sasa nyumba zote mbili zilikuwa vyumba vya kupanga nyuma ya soko la Matrah. Mwaka jana zilioana. Aflah, kijana wa pekee wa Nyumba ya Juu, alimwoa Nasriya wa Nyumba ya Chini. Watu walilia kwa furaha. Walisema bahari imefanya kilichowashinda makadhi.

Bi Masouda alikuwa kijakazi wa Nyumba ya Chini tangu babu zake. Alimnyonyesha Nasriya, na hilo lilijulikana na kila mtu. Hakuwahi kukanyaga Nyumba ya Juu, na hilo pia kila mtu alilijua.

Lakini asubuhi ya leo makaburini Bakhit alishika pembe ya shuka. Maiti wa kike anapoteremshwa, watu hutandaza shuka juu ya kaburi ili asionekane, na anayeshuka kumpokea huwa maharimu wake, mtu ambaye asingeweza kumwoa. Mzee mmoja aliuliza, "Nani maharimu wake?" Watu walitazamana. Wazee walianza kusukumana kwa adabu, wewe, hapana wewe. Aflah hakungoja. Alivua viatu akashuka. Wote walimsifu: mtoto wa Nyumba ya Juu, jamani, anashika maiti ya kijakazi, hana makuu! Bakhit naye alimsifu. Lakini chini ya shuka, pembeni alipokuwa yeye tu, aliona kitu wengine hawakukiona. Aflah alilegeza sanda, akafunua uso wa yule bibi, akalilaza shavu lake juu ya mchanga kwa kiganja. Mtu wa kando angemfukia amefunikwa.

Bi Mahfoudha, mama yake Aflah, alimpokea Bakhit chumba cha mbele bila ya kuinuka. Alikuwa amekaa juu ya takia, upepeo mkononi, bangili zilizobaki zimepangwa mkono mmoja ili zionekane nyingi. Aflah alikaa karibu na mlango. Nyuma ya pazia la jikoni ilisikika mbuzi ikikuna nazi, na sauti ya Nasriya akiimba kidogo kidogo, pumzi fupi, maana tumbo lilikuwa limeshaanza kumwelemea.

"Umekuja kula au kuuliza?" alisema Bi Mahfoudha. "Ukija kwetu zamani ulikuwa unakuja kuuliza na unaondoka umekula."

"Nimekuja kwa ajili ya Marhoon."

"Muuza maji? Si kashapatikana na kosa? Mwache aende zake."

"Hakupanda dari lile, Bi Mahfoudha."

"Basi kizee kateleza. Mwanamke wa makamo yale, ngazi ile. Mie nlisikitika. Alikuwa kijakazi mzuri, hakuiba."

Bakhit alimgeukia kijana. "Aflah, leo makaburini nani alikwambia ushuke?"

"Hakuna, ami. Nlitaka thawabu."

"Na kumfunua uso, ni thawabu pia?"

Aflah alitazama mikono yake. Ilikuwa na michubuko midogo juu ya kifundo, mitatu, kama ya kucha.

"Umeumia?"

"Mawe ya kaburi," Bi Mahfoudha alijibu.

"Nimemuuliza yeye. Na mie nlikuwapo, kaburi lile la mchanga." Bakhit alivuta mkeka karibu. "Bi Mahfoudha, nna suala moja, kisha naondoka. Aflah alinyonya kwa nani?"

Upepeo ulisimama. Halafu ukaendelea, upesi zaidi.

"Kwangu! Ziwa hili! Watoto wa Nyumba ya Juu hawanywi nje, na wewe mtoto wa karani unalijua hilo vizuri. Unataka nikufunulie?"

"Mwaka aliozaliwa ulikuwa na jipu la ziwa. Daktari wa Wete alikuja mara mbili kwa gari ya polisi, mie ndo nliyemleta. Alisema maziwa yamekauka. Mtoto aliishi kwa chakula gani?"

"Kwa maziwa ya mbuzi."

"Mtoto wa siku chache?"

"Mungu alitaka."

"Mungu alitaka, na Nyumba ya Chini walikuwa na mwanamke aliyefiwa na mtoto wiki ile ile. Aliletwa kwa mlango wa nyuma, au unasemaje? Watu wa Juu walikuwa na sifa ya kutokunywa nje. Ungemwita mchana, ungekuwa kichekesho cha kisimani mpaka kufa kwako. Ukamfunga mdomo. Yeye akanyamaza miaka yote hiyo, kwa sababu kunyamaza ndo kazi aliyofunzwa. Halafu anashuka Matrah, anakwenda kumwamkia mtoto wake wa kike, mume anaingia chumbani, na mume ni mtoto wake wa kiume."

"Mama," Aflah alisema.

"Nyamaza wewe!"

"Mama, basi."

Alizungumza akitazama mkeka, kama anayesoma. Bi Masouda alimwita. Alipofika juu kizee alivua mtandio, akasema, navua kwa kuwa wewe mwanangu, na nnachokwambia usikisikie kwa kadhi kwanza. Mlionyonya ziwa moja ni ndugu. Mwache mke wako leo, kabla hajajifungua, na Mungu atasamehe lililopita kwa kutojua. Aflah alimwomba anyamaze. Alimpigia magoti. Kizee alilia naye, akambusu kichwa, lakini akasema kesho asubuhi atamwambia Nasriya mwenyewe, kwa sababu huyo pia mwanawe na hawezi kumwacha alale kwenye haramu.

"Akainuka. Nikamshika. Akanishika mkono hapa. Nikasukuma."

"Aliteleza," alisema Bi Mahfoudha.

"Nlisukuma, mama. Alikuwa mwepesi. Hakupiga kelele, aliniita mwanangu."

Bi Mahfoudha aliweka upepeo chini. Aliposema tena sauti yake ilikuwa laini, ya kumkaribisha mtu kwenye siri, na ndiyo iliyomtisha Bakhit zaidi.

"Sikiliza, Bakhit. Wewe mtu mzima. Masouda keshakufa, humfufui. Marhoon nani? Anapoteza nini, punda? Hind bado kijana, ataolewa tena, mie mwenyewe ntamtafutia. Lakini ukilisema hili, unavunja nyumba mbili. Ndo zilizobaki. Wengine wote wa Mtondooni wamezikwa kwenye mashimo, na wewe ulikuwapo. Na yule aliye tumboni umemfikiria? Atazaliwa amwite nani? Aflah baba yake, na kwa mama yake ni mjomba. Utampa mtoto huyo jina hilo atembee nalo Matrah, mbele ya Rahila?"

Bakhit alivua kofia. Alimfikiria mtoto kweli, na hilo lilimkera. Alifikiria pia miguu ya Marhoon ndani ya chuma, na kijakazi wa miaka ile, vidole vyake vitano vimefungwa kitambaa, akisimama nje ya kituo akingoja kuitwa ndani. Hakuitwa. Bakhit ndiye aliyekuwa mezani.

"Ulijua siku ya posa," alisema.

"Nlidhani kafa! Sitini na nne walikufa wote, nani angejua kijakazi atapona? Na ningekataa posa kwa sababu gani? Ningewaambia nini Nyumba ya Chini, kwamba mwanangu kakuzwa na mtumwa wao?"

"Kwa hivyo ukaona bora wazini."

"Nikaona bora waheshimike."

Hapo ndipo Bakhit alipotambua kwamba mbuzi jikoni imenyamaza. Hakujua imenyamaza tangu lini. Aflah naye alisikia kimya kile, akageuza kichwa taratibu kuelekea pazia.

"Inuka, Aflah," Bakhit alisema kwa sauti ya chini. "Twende kwa mkubwa wa askari. Utayasema kama ulivyoyasema, mie ntatafsiri, neno kwa neno. Marhoon atafunguliwa kabla ya alasiri."

"Mwanangu haendi popote!"

"Naenda, mama."

Aliinuka. Alitafuta viatu vyake mlangoni, akavaa cha kulia mguu wa kushoto, akavua, akasimama navyo mkononi kama mtoto aliyefukuzwa chuo cha Kurani.

Pazia lilisogezwa. Nasriya alisimama pale, machicha ya nazi yamemganda viganjani, tumbo mbele. Hakuwa analia. Alimtazama mama mkwe wake mpaka Bi Mahfoudha akaanza kurekebisha bangili ambazo hazikuwa na kasoro.

"Usiku wa harusi yangu ulinifukiza udi kwa mkono wako, Bi Mahfoudha," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina. Siku zote alimwita mama. "Ukanisindikiza mpaka mlangoni. Ukanambia niwe mtiifu."

"Mwanangu, nlikuwa..."

"Mie si mwanao. Aliyekuwa mama yangu mmemzika asubuhi."

Bi Mahfoudha alijifunika uso. Nasriya aliteremsha mtandio wake mabegani, polepole, mbele ya Bakhit bila ya kumjali, kisha akakumbuka kuwa huyu si maharimu wake, akaurudisha. Alijipangusa mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Ndipo alipomgeukia mumewe. Aflah alimngojea kwa uso wa mtu anayeomba apigwe, atemewe mate, lolote.

Nasriya alilishika pazia akaliweka wazi. Ndani jikoni sinia lilikuwa limeshapakuliwa, wali unatoa moshi, papa pembeni, na vijiko viwili.

"Kaka Aflah," alisema, "ingia ule kabla hujakwenda."